Kicheko cha Watu Ishirini na Mmoja

Bonde letu lilipewa jina na watu ishirini na mmoja waliokuwa na njaa, mbele ya samaki waliopoa, na aliyewashikisha njaa hiyo alikuwa bibi wa miaka sabini na mmoja mwenye magoti mabovu. Nimelala katika miji mingi, na kila mji una hadithi ya jina lake: shujaa fulani alishukia farasi hapa, mtawa fulani aliota ndoto pale, mfalme alipita akayasifu maji. Husikiliza kwa adabu zote. Kisha kicheko hunipanda, maana namkumbuka Haruyo Mizokami na mkwiro wake wa ngoma.

Haruyo alikuwa mkunga, kama mama yake kabla yake. Urithi alioachiwa ulikuwa mmoja: chungu cha chuma, kizito, cheusi, chenye mshikio uliopinda. Mama yake hakuviamini vyungu vya majumbani. "Mtoto wa watu simwogeshi kwa maji yanayonuka figili za chumvi," alikuwa akisema, na binti akashika msimamo huo huo. Kwa hiyo popote alipoitwa, Haruyo alikwenda na chungu mgongoni. Kwa mbali ungedhani kobe anapanda mlima.

Na alipanda kweli, maana vijiji vilikuwa vitatu. Kuzumi kilikuwa chini, penye mpunga. Onbara kilikuwa juu upande wa mashariki, penye maji mazuri na watengeneza sake, pombe ya mchele. Takemori kilikuwa juu upande wa magharibi, ndani ya msitu, kwa wachoma makaa. Njia zao tatu zilikutana katikati, kwenye jiwe moja bapa. Hapo mama yake Haruyo alikuwa akitua chungu, anavuta pumzi, anafuta jasho, kisha anashika njia ya huko alikoitwa. Watu waliomwona wakaanza kupaita Kamaoki, yaani mahali pa kutulia chungu. Halikuwa jina la heshima. Lilikuwa la kuelekezana tu: kofia yangu nimeisahau Kamaoki, mbwa wako yuko Kamaoki anatafuna mfupa. Mpunga haukuota pale wala mti wa maana, basi hapakuwa na mwenyewe, na hapakuwa na aliyepagombea.

Kwetu hilo lilikuwa ajabu, kwa sababu kila kitu kingine kiligombewa. Chemchemi iligombewa. Ngozi ya dubu aliyeuawa mwaka wa tetemeko iligombewa mpaka ikaoza. Hata figili za chumvi, kila kijiji kiliapa kwamba ndicho kilichozianzisha, na vile vingine viwili vilichungulia dirishani vikaiba ujuzi.

Mwaka wa tisa baada ya vita, mwezi wa Februari, theluji ilipanda hadi kwenye kingo za mapaa. Asubuhi moja mume wa Chise, wa Takemori, alishuka akihema kuja kumwita Haruyo. Njia ambayo miaka yote Haruyo aliipanda kwa saa moja na nusu ilimchukua saa nne. Mara mbili aliteleza. Mara ya tatu chungu kilimtangulia kushuka, ikabidi akifuate kwa makalio. Alipofika, mtoto alikuwa wa bluu na Chise hakuwa na rangi yoyote. Wote wawili walipona, lakini ilikuwa kama kudaka bakuli lililokwisha kuacha rafu. Kazi ilipokwisha, Haruyo alikaa kizingitini akayapiga magoti yake makofi, moja baada ya jingine, kama anayewaadhibu watoto.

"Mwakani mtaniulia mtu," aliyaambia.

Basi masika hayo mkoa ukatangaza kwamba vijiji vidogo viungane. Karani aliyetumwa kwetu aliitwa Bwana Nezu, kijana mwembamba mwenye miwani iliyoingia ukungu kila alipokaribishwa chai. Akasimama katika ukumbi wa shule akasoma faida za muungano, na watu wakasinzia, ila Haruyo.

"Rudia hapo kwenye vitanda, mwanangu."

"Zahanati yenye vitanda viwili, Bibi. Na jiko, na simu."

"Na wajawazito ndio watakaokuja huko?"

"Watakuja wao."

"Kwa miguu yao?"

"Kwa miguu yao, Bibi, au watabebwa."

"Basi tuungane kesho. Unangoja nini? Funga hicho kijitabu."

Haikuwa kesho. Lakini kufika Novemba, wakuu wa vijiji vitatu walikuwa wamekubaliana mambo yote, nao wenyewe walishangaa. Ofisi ikae Kuzumi. Shule kubwa ikae Onbara. Pampu ya kuzimia moto ipewe Takemori, kwa kuwa wachoma makaa ndio wanaounguza vitu. Likabaki jambo moja dogo, jina.

Wakachukua kipande cha jina la kila kijiji wakavishona pamoja. Vipande vilishonwa vizuri, ugomvi ukawa kipande cha nani kitangulie. Wakajaribu majina ya kupendeza. "Macheo" lilikataliwa na Takemori, ambako jua hufika saa nne asubuhi. "Mto Safi" lilikataliwa na Onbara, waliosema wao ndio wenye maji safi na Kuzumi huyapata yakiwa yamekwisha kufuliwa nguo. Mwishowe mwalimu mkuu akapendekeza "Amani", na mjadala wa Amani ulivunja vioo viwili vya ofisi na meno ya bandia ya mtu mmoja.

Bwana Nezu akapanda tena, uso umemshuka. Fomu yenye jina ilitakiwa mkoani Jumatatu ya kwanza baada ya Karamu ya Kicheko. Isipofika, Kuzumi kitatiwa katika mji wa chini ya mto, na Onbara na Takemori vitatiwa katika mji wa ng'ambo ya mlima.

"Na vitanda?" Haruyo aliuliza.

"Vitakwenda bonde jingine, Bibi."

Haruyo alikwenda nyumbani akakisugua chungu kwa majivu mpaka kikang'aa. Kukisugua hivyo ilikuwa dalili mbaya, wote walijua.

Karamu ya Kicheko ni ya zamani kuliko ugomvi wetu. Jumapili ya kwanza ya Desemba, wazee saba kutoka kila kijiji hukutana katika nyumba ya mwenyeji wa mwaka huo, wamevaa nguo za heshima, kila mmoja mbele yake sinia lenye samaki changu, figili na kikombe cha sake. Hucheka mara tatu: mara ya kwanza kwa mavuno yaliyoingia, mara ya pili kwa mavuno yajayo, mara ya tatu kuyasahau machungu ya mwaka. Kando huketi mwamuzi na ngoma ndogo. Kicheko kikiwa cha kweli, hupiga ngoma. Kikiwa cha jino la nje tu, hunyamaza, na ngoma ikinyamaza hakuna wa kugusa sinia wala wa kutoka mlangoni. Kuna sharti jingine pia, ambalo baadhi ya watu wamelijutia: neno linalosemwa na kuchekewa na wote, ngoma ikalia juu yake, halirudi. Mjomba wa mkuu wa Kuzumi aliwahi kufanya mzaha kwamba akipata mavuno kama yale atafagia hekalu miaka kumi. Watu wakacheka, ngoma ikalia. Alifagia.

Mwaka huo mwamuzi wetu wa siku zote, mzee mmoja wa Kuzumi, alikuwa amekufa masikio kabisa. Onbara wakataka mtu wao. Takemori wakasema mtu wa Onbara hajui kicheko, anajua kukohoa tu. Wakabishana siku nne, hadi mke wa mkuu wa Onbara, Bi Tami, akawaambia akiwa anaosha mchele, "Si mumpe Bibi Haruyo? Nyote amewasikia mkilia mara ya kwanza."

"Mwanamke hajawahi kushika mkwiro," mumewe akasema.

Habari zikamfikia Haruyo kabla mchele haujaiva. Akaja hadi uani, akasimama na fimbo yake.

"Nimewapiga matako nyote ili mlie," alisema. "Ngoma ndiyo itanishinda?"

Wakampa mkwiro.

Karamu ilikuwa Onbara, nyumbani kwa Gensaku Onodera, mkuu wa kijiji hicho. Gensaku alikuwa mtengeneza sake, mviringo, mwekundu, na alicheka kama pipa linaloviringishwa ngazini. Kulia kwake aliketi Yoshitake Murai, mkuu wa Kuzumi, mwenye mashamba ya mpunga, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kushoto Kanji Hirusawa, mkuu wa Takemori, mchoma makaa, mkavu, weusi umo katika kucha zake tangu utoto. Bwana Nezu alikaa karibu na mlango, fomu ndani ya mkoba, mkoba mapajani. Basi lake liliondoka Kuzumi saa kumi alasiri, na baada ya hilo hapakuwa na jingine hadi Jumanne.

Wazee kumi na wanane walicheka vizuri. Walianza kwa kulazimisha, maana ndivyo kinavyoanza, kama pampu kavu. Kisha mmoja akafanya kwikwi, mwenzake akamtazama, na basi. Haruyo alikaa wima, macho amefumba, sikio moja mbele. Du! Du! Du! Saa nane wakabaki wakuu watatu, ambao hucheka mwisho wakitazamana, kila kicheko kikingoja ngoma yake.

"Ha, ha, ha," alisema Gensaku.

"Ho, ho," alisema Murai.

Kanji alionyesha meno.

Ngoma kimya.

"Tena," alisema Haruyo.

Wakarudia. Gensaku aliviringisha pipa lake lote hadi shingo ikamwiva, lakini jicho lake lilikuwa kwa Murai, na halikuwa jicho la kucheka.

"Huyo ni mbuzi mwenye mafua. Tena."

Wakarudia mara tano. Samaki walipoa, macho yao meupe yakiwatazama wazee ishirini na mmoja ambao hawajala tangu alfajiri. Tumbo la mtu likanguruma, la mwingine likaitikia. Bwana Nezu aliitazama saa yake chini ya mkono wa koti.

"Bibi, tuhurumie," alisema Murai. "Piga hiyo ngoma tule."

"Sijasikia kitu cha kupigia. Nini kimewakwama kooni?"

"Kwani hujui? Hawa wawili!" Gensaku akalipuka. "Wanataka bonde zima liitwe kwa jina la kijiji cha juzi! Mimi ni mwana wa Onbara, kizazi cha kumi na nne. Damu yangu ni maji ya Onbara!"

"Ndiyo maana inachachuka," alisema Murai. "Kuzumi kulikuwa na mpunga wakati nyinyi mnalala na nyani. Mimi nimezaliwa juu ya udongo wa Kuzumi, na nitaufia."

"Nyote wawili mngekuwa barafu bila makaa yetu," alisema Kanji polepole. "Takemori ndiko kitovu changu kilikokatiwa."

Haruyo akauweka mkwiro chini. Wote wakautazama.

"Gensaku," alisema kwa upole. "Bi Tami wako alipokuwa na mimba ya kwanza, ulimpeleka wapi kujifungua?"

"Kwao, bila shaka. Mimba ya kwanza mke huenda kwa mama yake. Swali gani hilo?"

"Murai, wewe wako?"

"Kwao."

"Na wa Kanji kwao. Nyote mmefuata desturi, Mungu awabariki. Sasa nyinyi wenyewe, kwa mama zenu, mlikuwa wa ngapi?"

Mahali fulani theluji ilidondoka kutoka kwenye paa.

"Wa kwanza," alisema Gensaku, na wekundu ukaanza kumhama.

"Wa kwanza nyote watatu. Ndiyo maana ni wakuu. Na mama yako, Gensaku, alitoka wapi?"

Gensaku alifumbua mdomo akaufumba, kama changu aliyekuwa mbele yake.

"Kuzumi," alinong'ona mzee mmoja kutoka nyuma, na mzee mwingine akatoa sauti kama ya birika linaloanza kuchemka.

"Si kweli! Mimi nilizaliwa hapa, katika nyumba hii!"

Mlango wa karatasi ukasogea. Bi Tami alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Bi Tami walikuwa wanawake wanane, na ilikuwa wazi kwamba hawakufika dakika hiyo. Mkononi alishika kikasha kidogo cha mbao. Kwetu kitovu cha mtoto kikianguka hukaushwa, kikawekwa kwenye kikasha kama hicho, na mkunga huandika juu yake siku na mahali. Mama mkwe wake alikuwa amekitunza ndani ya kabati la nguo, chini ya vitambaa vya kufungia vifurushi, mahali ambapo mwanamume hana haja ya kufungua maisha yake yote.

"Hiki hapa, mume wangu," alisema Bi Tami, mashavu yanamtetemeka. "Mwandiko wa marehemu mama yake Bibi. Onodera Gensaku, siku ya sita ya mwezi wa nne. Kuzumi. Kwenye kibanda cha mpunga, karibu na pampu."

"Kwenye kibanda!" alipiga kelele Murai. "Kumbe ni wetu! Karibu nyumbani, mwana wa Kuzumi! Umechelewa miaka hamsini na miwili, wali umepoa!"

"Wewe usicheke, Murai," alisema Haruyo. "Mama yako ni wa Takemori. Ulizaliwa katika kibanda cha tanuri. Nilikuwepo, nilikuwa msichana wa kubeba kuni. Tulikuogesha mara tatu na maji yakatoka meusi mara tatu, mpaka mama yangu akasema, basi, huenda ndiyo rangi yake."

Murai aliyatazama mapaja yake makubwa kana kwamba masizi bado yapo. Kanji sasa alikuwa amejiinamia, mabega yakimruka.

"Nami ni wa Onbara, sivyo?" alisema kwa shida. "Mama yangu alikuwa wa Onbara. Sema, Bibi. Nitavumilia tu."

"Ungekuwa wa Onbara, mwanangu, lakini hukungoja. Mama yako alitoka Takemori asubuhi kwenda kwao, na katikati ya njia ukagonga mlango. Tulikukuta Kamaoki. Mvua inanyesha, mama yangu ametua chungu juu ya jiwe, mimi nimeshika mwavuli wa karatasi ambao ulikwisha lowa ukabaki vijiti. Ukatoka. Nikakupiga. Ukalia hivi."

Na Haruyo Mizokami, mwenye miaka sabini na mmoja, aliyekaa kwa heshima mbele ya ngoma, akafumbua mdomo wenye meno manne akalia kama Kanji Hirusawa alivyolia siku ya kwanza ya maisha yake. Ilikuwa sauti nyembamba, ya hasira, yenye kupanda ngazi na kuanguka na kupanda tena.

"Na nyani wakakujibu," alisema. "Msitu mzima. Wakadhani ni ndugu yao."

Sijui nani alianza. Mama yangu, aliyekuwa mmoja wa wale wanawake wanane, alisema ni Gensaku; wengine walisema ni Kanji mwenyewe. Pipa liliviringika likaanguka ngazi zote. Murai alipiga mkeka kwa viganja, vikombe vikaruka. Kanji alikuwa amelala chali, miguu hewani, akijaribu kusema "ndugu yao" na asifike mwisho. Wazee kumi na wanane walishikana mabega wakitoa machozi, na wanawake mlangoni waliegemeana hadi mlango ukang'oka kwenye reli yake ukawaangukia.

Du!

"Hicho ndicho cha mavuno ya mwaka huu," alisema Haruyo. "Cha pili."

Cha pili hakikuhitaji msaada. Gensaku alijipangusa macho, akamwona Murai, Murai akamwambia, "Mtoto wa pampu," Gensaku akamjibu, "Jisafishe masikio, una makaa," na wakaanguka tena, kila mmoja ameishika mikono ya mwenzake ili asizame.

Du!

Hapo Bwana Nezu akasimama. Maskini, miwani yake ilikuwa imejaa ukungu wa machozi yake mwenyewe, lakini saa ilikuwa ikimchoma mkononi.

"Samahani, waheshimiwa. Ni saa tisa na robo. Basi linaondoka saa kumi. Fomu hii... niandike nini?"

Ungewaona wale watatu wakikumbuka, mmoja mmoja, kwamba ni maadui. Gensaku alishaanza kujaza kifua kwa ajili ya kusema Onbara. Lakini Kanji alikuwa bado chali, na mtu aliyelala chali hana haya.

"Andika Kamaoki!" alisema kuelekea darini. "Huyu wa pampu, yule wa tanuri, mimi wa chini ya mwavuli. Andika Kamaoki, na mbwa wote wenye mifupa yao huko wapewe kura!"

Chumba kililipuka mara ya tatu. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote, cha watu wasiokula tangu asubuhi, kicheko kisichoshika kitu. Katikati yake mtu mmoja hakucheka. Haruyo alikuwa ameinua mkwiro, amefumba macho, anawasikiliza wote ishirini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kama alivyozoea kulisikiliza tumbo la mama kwa sikio. Alipotosheka, akaushusha.

Du!

Ilichukua muda kidogo. Kwanza Murai aliacha kucheka, kisha Gensaku. Kanji aliketi.

"Bibi," alisema. "Bibi, ule ulikuwa mzaha."

"Nimeusikia."

"Sikukusudia!"

"Mjomba wa Murai naye hakukusudia. Alifagia miaka mingapi, Murai?"

"Kumi na mmoja," alisema Murai kwa huzuni. "Kuna mwaka aliumwa, wakamdai."

"Jina la chungu!" Gensaku alishika kichwa. "Jina la jiwe la kupumzikia! Bibi, tutachekwa mkoa mzima!"

"Ndivyo lilivyopatikana," alisema Haruyo. "Ngoma imelia. Kuleni samaki."

Hakuna aliyekula. Gensaku alikuwa akifikiri, na kwa kuwa hakuzoea, ilionekana.

"Si la Kuzumi," alisema mwishowe.

"Wala si la Onbara," alisema Murai, na kitu kama faraja kikampita usoni.

"Takemori hatulitaki hata kidogo," alisema Kanji.

Wakatazamana. Hakuna aliyeshinda. Kwa miaka mia tatu kila mmoja wao na baba zake walikuwa wameogopa jambo moja tu, kwamba mwingine atashinda, na sasa ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyeshinda hata unyoya. Nyuso zao zikang'aa kama za watoto walioambiwa shule imefungwa.

"Andika, kijana!" walisema watatu kwa pamoja.

Bwana Nezu aliandika, wakuu wakagonga mihuri yao. Haruyo alitaka kuinuka amwone akiandika. Akajisukuma kwa fimbo, na magoti yake yalitoa mlio, mrefu, kama mlango wa ghala uliokosa mafuta tangu zamani za wafalme. Kila mtu aliusikia. Haruyo akayatazama magoti yake. Nafikiri aliiona ile theluji ya Februari, na chungu kikimtangulia kushuka, na yeye nyuma yake kwa makalio. Midomo ikaanza kumcheza. Mwamuzi hacheki, ni mwiko. Lakini alicheka, kwanza puani, kisha kifuani, kisha akarudi kukaa kwa kishindo, na meno yote manne yakaonekana.

Watu hawakujua la kufanya, kwa sababu nani ampigie mwamuzi? Basi Bwana Nezu, mgeni, mtu wa mafomu, akainama, akauokota mkwiro, akaipiga ngoma.

Du.

"Imetosha," alisema Haruyo, akijifuta. "Mtu amfikishe huyu mtoto kwenye basi."

Ilikuwa saa tisa na nusu na dakika kadhaa, na kwenda Kuzumi kwa miguu ni saa nzima. Kanji akatoka nje akavuta sleji yake ya makaa, kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza juu ya theluji. Bwana Nezu alikaa mbele, mkoba ndani ya shati, changu mzima mkononi, maana Bi Tami hakukubali aondoke na njaa. Kanji alisukuma, akarukia nyuma, na mteremko ukawachukua. Walipita Kamaoki kwa kasi ambayo mbwa aliyekuwa pale hakuwahi hata kubweka. Watu waliosimama ukingoni walisikia sauti ikishuka bondeni, na hawakuweza kusema kama karani alikuwa analia au anacheka, ila Haruyo aliyetega sikio akasema, "Cha kweli."

Dereva alisimulia baadaye kwamba abiria alipanda basi likiwa limeanza kwenda, mweusi kama tanuri, ameshika mkia wa samaki.

Zahanati ilijengwa mwaka uliofuata. Wapi pa kuiweka halikugombewa hata kwa nusu siku. Njia zote tatu zilikuwa zinakutana mahali pamoja, penye jiwe lisilo na mwenyewe. Vitanda viwili vilikuja kwa gari, na jiko, na simu ambayo kwa mwezi mzima wakuu watatu walipigiana kuulizana kama inafanya kazi. Chungu kikakaa juu ya jiko, na hakikubebwa tena.

Theluji ya kwanza iliposhika, asubuhi, Haruyo alikuwa ameketi karibu na jiko, magoti yamefunikwa blanketi. Nje alisikia hatua za watu wanne na mmoja anayeguna kwa uchungu. Ilikuwa ni wifi wa Chise, wa Takemori, mimba ya kwanza, akipelekwa kwao Kuzumi, na kama mama yake Kanji zamani, hakuweza kungoja. Tofauti ilikuwa mlango. Katika miaka hamsini na minne ya kazi, Haruyo alikuwa amebisha hodi milango yote ya bonde. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa hodi.

"Karibuni," alisema, bila kuinuka. "Maji yako tayari."

Kabla ya adhuhuri mtoto alilia. Ilikuwa sauti pana, yenye hasira kidogo mwanzoni na uvivu mwishoni. Baba, aliyekuwa uani akikanyaga theluji duara moja, aliingia akauliza ni wa kiume au wa kike. Haruyo alikuwa bado anasikiliza, macho amefumba.

"Wa kike," alisema. "Na huyu atacheka vizuri."

Kisha akachukua kikasha kipya cha mbao, akalowesha brashi, akaandika siku, na chini ya siku akaandika mahali.